Umelipa nauli, umelipa na chakula: mambo ambayo ajenti hakuelezi kabla ya safari ndefu ya ndege

Shangazi yangu anakaa Msambweni, si mbali na hospitali ya rufaa ya kaunti, na kwa miaka mingi sasa anajidunga sindano ya insulini. Bintiye ameolewa Ujerumani, kama walivyoolewa mabinti wengi wa kwetu tangu watalii waijue Diani. Binti alipojifungua, alimtumia mamake tiketi. Bi mkubwa huyo hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Safari yake ndefu kabla ya hiyo ilikuwa kuvuka Lungalunga kwenda Tanga arusini.

Alijidunga sindano akiwa bado ameketi kwenye ukumbi wa kungojea, kwa kuwa binti alimwambia kwa simu, "Mama, ukiingia tu utapewa chakula." Kuingia aliingia. Lakini ndege ilikaa chini zaidi ya saa moja, halafu ikapaa, halafu taa za mikanda zikabaki zimewaka kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na wahudumu nao wakawa wamefunga mikanda yao. Hapo shangazi akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho la baridi. Juu ya kichwa chake palikuwa na kitufe cha kumwita mhudumu. Alikiona na hakukibonyeza. Aliponisimulia nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Baba, mgeni haitishi chakula."

Aliyemwokoa ni kijana aliyeketi kando yake. Alimtazama mara moja, akabonyeza kile kitufe, na kufumba na kufumbua bi mkubwa akaletewa sharubati ya machungwa. Alifika Frankfurt salama. Lakini mimi tangu siku hiyo kila nikisikia mtu wa Kwale anasafiri, namshika mkono nimweleze habari ya chakula cha ndege, na watu wananiona mlafi.

Watu wetu wanasafiri. Wako wanaokwenda Umra na Hija, wako mabinti na vijana wanaokwenda kazi Saudia, Qatar na Imarati, wako wanaofuata wake na waume Ulaya. Kutoka Mombasa kwenyewe mtu anaweza kupanda Ethiopian Airlines akabadilisha ndege Addis Ababa, na tangu Januari 2024 flydubai nayo inakuja Moi. Wengine hupitia Nairobi. Ajenti atakueleza viza, vipimo vya afya, kilo za mzigo na saa ya kuripoti. Habari ya tumbo hukuelezi, na tumbo ndilo utakalosafiri nalo masaa tisa au kumi.

Tuanze na lile ambalo linawafanya wengi walale njaa: kwenye ndege nyingi za safari ndefu za kimataifa, chakula na vinywaji vya kawaida vimo ndani ya nauli. Nimekutana na binti wa Kinondo aliyekwenda kazi Ghuba, akakataa trei mbili kwa kutikisa kichwa, kwa sababu mfukoni alikuwa na shilingi mia tano tu na aliogopa kuletewa bili. Hakuna bili. Trei ile imeshalipiwa siku tiketi iliponunuliwa, hata kama aliyeinunua ni mwajiri. Maji, chai, kahawa na sharubati pia, na ukitaka mara ya pili, unaomba mara ya pili.

Zipo tofauti, na ni lazima uzijue. Mashirika ya nauli nafuu huuza tiketi za aina mbalimbali, na ile ya chini kabisa mara nyingi haina chakula. Unanunua huko huko juu kwa kadi au kwa dola. Ndege za ndani nazo, kama hizi za kutoka Ukunda kwenda Nairobi, ni za muda mfupi na usitegemee zaidi ya kinywaji na kitu cha kutafuna, pengine hata hicho cha kununua. Tazama kwenye karatasi ya tiketi palipoandikwa habari ya chakula. Kama hapajaandikwa kitu, muulize ajenti, na usitosheke akikujibu "huko utapewa".

Sheria za chakula cha daraja la chini zina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1958 mashirika yaliyovuka bahari ya Atlantiki yalipokubaliana kuanzisha nauli nafuu, lile daraja tunaloliita ikonomi, yaliafikiana pia kwamba abiria wa humo wapewe sandwichi tu, tena ya baridi na isiyo ya gharama. Shirika la Skandinavia, SAS, likaanza kutoa vipande vya mkate vilivyopambwa nyama na samaki na mboga mpaka mkate wenyewe hauonekani. Pan Am ya Marekani ikalalamika kwamba huo ni wizi wa wateja, kesi ikafika kwenye chama cha mashirika ya ndege, IATA, na SAS wakatozwa faini ya dola 20,000. Faini hiyo waliilipa kwa sababu ya kumlisha abiria maskini vizuri kupita kiasi. Siku hizi hakuna wa kuwatoza faini kwa kosa hilo, na si wengi wanaolitenda.

Sasa, kwa nini chakula chenyewe hakina ladha? Shangazi alisema wali ule ulikuwa kama umepikwa na mtu mwenye hasira. Kwa kweli si mpishi peke yake. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hukandamizwa, lakini haifikishwi kuwa kama ya pwani. Inakuwa kama ya mtu aliye juu ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Tena ni hewa kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, na sisi tumezoea hewa ya bahari inayolowesha shati. Pua ikikauka haisikii harufu, na pua ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ladha. Taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani ililichunguza jambo hili kwa niaba ya Lufthansa ndani ya kipande cha ndege kilichowekwa kwenye chumba cha kupunguza kani ya hewa. Wakaona kwamba ulimi huko juu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuhisi chumvi na sukari, lakini uchachu hauguswi sana. Sharubati ya nyanya, ambayo chini watu huiona kama udongo, huko juu hunoga, na ndiyo maana huagizwa mno.

Kwa hiyo ukipewa mchuzi ukauona hauna chumvi, ujue pengine umetiwa chumvi nyingi kuliko unavyodhani. Mwenye shinikizo la damu asiongeze kile kipakiti cha chumvi kwenye trei. Ndimu ni bora, na baadhi ya watu wetu hubeba kipakiti cha pilipili ya unga kwenye mkoba. Hakuna sheria ninayoijua inayokataza hilo.

Jambo jingine ni kwamba hakuna anayepika ndani ya ndege. Chakula hupikwa jikoni karibu na uwanja masaa mengi kabla, kikapozwa haraka kwa mashine mpaka chini ya nyuzi 5, kikapakiwa kwenye vibakuli vya foili, kikapandishwa kikiwa baridi, na huko juu kikapashwa kwenye oveni ndogo za upepo wa moto. Upepo huo hukausha kuku na kuugeuza wali kuwa punje punje. Ndiyo maana vyakula vyenye mchuzi mzito huvumilia safari kuliko vya kukaanga. Ukiulizwa uchague kati ya kipande kikavu na kitu cha mchuzi, chukua cha mchuzi.

Upozaji huo si madaha. Mwezi Februari 1975 ndege ya Japan Air Lines iliyobeba abiria 344 ilikuwa inakaribia kutua Copenhagen kutoka Anchorage, watu wakaanza kutapika na kuharisha. Waliolazwa hospitali walikuwa 144. Ilikuja kugundulika kwamba mpishi mmoja alikuwa na vidonda vyenye usaha kwenye vidole, akavishika vipande vya nyama vilivyowekwa juu ya mayai ya kukaanga, na chakula kikakaa muda mrefu bila baridi ya kutosha. Rubani na msaidizi wake hawakula mayai yale. Hadi leo ni desturi kwa marubani wawili kula vyakula tofauti.

Nikisimulia hili najua wako wanaofikiria wali wa nazi. Nani asiyemjua mama anayemfungia mwanawe hotpoti ya wali wa nazi na samaki wa kupaka aende nayo? Wali wa nazi ukipikwa Msambweni saa sita mchana, kwa joto letu, ukapita Ukunda, ukakaa foleni ya Likoni au ukazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, ukangoja kwenye ukumbi hadi usiku, umeshachacha kabla ndege haijapaa. Na mahali pabaya kabisa pa kuharisha ni kwenye foleni ya choo cha ndege. Mpe mwanao kitu kikavu: mkate wa mayai, bisikuti, kaimati zisizo na shira nyingi, karanga, tende. Na siku ya safari aache mahamri kwa mbaazi, ingawa najua ni dhambi kusema hivyo. Hewa iliyo tumboni huvimba karibu thuluthi moja zaidi ikifika huko juu, na mbaazi zitamfedhehesha.

Tufike sasa kwenye halali, kwa sababu hapa ndipo wengi hubahatisha. Mashirika makubwa ya Ghuba, yaani Emirates, Qatar Airways, Etihad na Saudia, hupakia chakula cha halali kwa abiria wote; huhitaji kuomba. Ukipanda ndege ya Ulaya au nyingine yoyote, usidhani. Kuku anaweza kuwa hakuchinjwa tunavyochinja, na mchuzi unaweza kuwa umetiwa mvinyo bila wewe kuonja tofauti. Lakini karibu mashirika yote makubwa yana chakula maalumu cha Waislamu bila malipo ya ziada, ilmradi ukiombe mapema, kwa kawaida si chini ya masaa 24 kabla ya kuondoka, na kwengine zaidi ya hapo. Jina lake kwenye kompyuta ni MOML. Zipo herufi nyingine za namna hiyo: DBML ni ya mgonjwa wa sukari, LSML ni ya chumvi kidogo, CHML ni ya mtoto na BBML ni ya mchanga. Mwambie ajenti herufi zenyewe, usimwambie "chakula chetu", maana yeye ataitika na asiandike kitu.

Na kama humwamini ajenti, fanya mwenyewe. Kwenye tiketi pana nambari ya buking ya tarakimu na herufi sita. Kwa hizo sita na jina lako la ukoo, unaingia kwenye tovuti ya shirika kwa simu, unachagua chakula, na mara nyingi unachagua na kiti. Hapa nina neno na maajenti wa kazi za nje. Baadhi yao huwanyima wasafiri tiketi mpaka siku ya kuondoka, tena wakawapa uwanjani, kana kwamba ni siri ya serikali. Binti anayekwenda kukaa miaka miwili ugenini ana haki ya kuijua nambari ya safari yake mwenyewe. Idai mapema. Kama itashindikana kabisa, mwambie mhudumu wa kaunta ya mizigo, halafu mhudumu wa ndani ya ndege. Saa hiyo MOML haitapikwa upya, lakini huenda ikapatikana trei ya mboga iliyozidi.

Mitego miwili. Safari yako ikibadilishwa, au ndege ikiahirishwa ukahamishiwa nyingine, ombi la chakula linaweza kupotea, hakikisha upya. Na ukinunua tiketi kwa shirika moja lakini kipande cha pili cha safari kikaendeshwa na jingine, usidhani ombi limevuka pamoja nawe. Wapigie wanaoendesha ndege yenyewe.

Halafu kuna jambo lililomkuta shangazi, nami sikulijua mpaka tulipokaa na kulichambua. Kwa kawaida mfumo hukubali chakula maalumu kimoja tu kwa abiria mmoja. Mgonjwa wa sukari ambaye ni Mwislamu hawezi kuandika DBML na MOML pamoja. Kwa hiyo inategemea ndege. Akipanda ndege ya Ghuba, kila kitu ni halali tayari, na aombe DBML bila wasiwasi. Akipanda ya Ulaya, DBML inaweza kuwa na nyama asiyoila. Huko ni afadhali MOML, kisha apime mwenyewe: aache kitamutamu, ale nusu ya wali, mboga zote.

Kuhusu sindano yenyewe, nenda kliniki ya sukari wiki kadhaa kabla, ukiwa na ratiba ya safari mkononi, wakupangie kipimo na saa, kwa sababu safari ndefu huvuruga masaa na aina za insulini si moja. Lakini lile aliloambiwa shangazi aliporudi kliniki linafaa kukumbukwa na kila mtu anayejidunga kwa ajili ya mlo: usidunge mpaka trei iwe mbele yako. Chakula cha kwanza kwa kawaida huja kama saa moja baada ya kupaa, lakini "kwa kawaida" haikuzuii kuanguka. Pipi, tende au pakiti ndogo ya glukosi ikae mfukoni, isikae kwenye mkoba wa juu usioweza kuufikia taa za mikanda zikiwaka. Insulini iende nawe ndani, isiingie kwenye begi la kupakiwa, maana huko chini inaweza kuganda na ikiganda haifai tena. Beba barua ya daktari. Ile kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100, iliyokuja baada ya njama ya mabomu ya London ya Agosti 2006, haizuii dawa unazozihitaji safarini, ila uzionyeshe na uzieleze.

Na mwambie mhudumu mapema, ukiingia tu, kwamba una sukari. Watu wetu huona haya. Lakini wahudumu wale hawakuajiriwa kwa ajili ya kusukuma toroli peke yake. Wamefundishwa huduma ya kwanza, na hawana njia ya kujua kinachoendelea ndani ya buibui lako kiti cha 34.

Kitufe, basi. Kibonyeze. Kwetu mgeni husubiri akaribishwe, naye mwenyeji huona haya mgeni asiposhiba. Ndege haina mwenyeji. Pana wahudumu wachache na watu mia tatu, na anayeomba ndiye anayepata. Ukikosa Kiingereza, onyesha kwa kidole, au andika kwenye karatasi kabla ya safari: maji, blanketi, nina sukari, sili nguruwe. Binti au jirani atakuandikia. Na utakapoulizwa kuku au samaki ukajibiwa kuku wamekwisha, usidhani umebaguliwa. Hupakiwa kwa makadirio, hawapakii kuku mia tatu na samaki mia tatu, na toroli ikianza mbele, wa nyuma huangukia kilichobaki. Mwenye chakula maalumu kwa kawaida hupelekewa trei yake kabla ya toroli kupita. Hiyo nayo ni faida ya kuomba MOML.

Maji kunywa kwa kipimo na mara kwa mara, usingoje kiu. Usinywe ya bomba la chooni. Pita ukaguzi na chupa tupu, kisha waombe wakujazie. Ukienda chooni kwa sababu ya maji hayo, ndiyo vizuri zaidi, umeinuka. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi mwaka 2007 kwamba kukaa kitako masaa manne au zaidi, iwe ndege, basi au gari, huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000, lakini kwa mjamzito, mnene sana, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, ni ya kuzungumza na daktari. Pindapinda vifundo vya miguu, tembea kwenye ujia. Mzee asiyeweza kutembea aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi. Hakilipiwi, na humvusha foleni zote hadi mlangoni mwa ndege.

La mwisho ni zawadi za chakula, kwa kuwa hakuna mtu wa Kwale anayesafiri mikono mitupu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa, hata kidogo, hata samli ya bibi. Matunda mengi yanataka cheti cha ukaguzi wa mimea tangu Desemba 2019, na embe zako za Shimba Hills zitaishia kwenye pipa la forodha. Yaliyosamehewa cheti ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo nazi inapita. Ila iwe nazi mbichi yenye maji yake. Mbata usibebe, kwa kuwa nyama ya nazi iliyokauka iko kwenye orodha ya kimataifa ya mizigo ya hatari, nambari 1363, kwani mafuta yake yanaweza kupata moto yenyewe. Achari na asali huhesabiwa vimiminika, vitie kwenye begi la kupakiwa. Miraa usithubutu. Uingereza imeipiga marufuku tangu 2014, na Ghuba usiulize.

Shangazi anakwenda tena mwezi ujao, mjukuu wa pili. Safari hii nambari ya buking iko kwenye simu yangu, MOML imeandikwa na nimeihakikisha mara mbili, kiti kiko karibu na choo. Jana nilimkuta barazani anafunga nazi nne kwenye leso. Nilimuuliza kama anakumbuka kile kitufe kiko wapi. Akainua mkono juu ya kichwa, bila kutazama, akabonyeza hewa.